Mgeni na Neno la Siri katika Nchi ya Ufipa

Mgeni afikaye Sumbawanga kwa basi kutoka Tunduma, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 220 katikati ya nyasi na mashamba ya mahindi, aghalabu huwa na maombi matatu kwa mwenye nyumba ya wageni. Huomba maji ya moto, maana mji umekaa karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari na baridi yake si ya mzaha, huomba chakula, kisha huomba neno la siri la waifai. Maombi mawili ya kwanza ni ya kale. La tatu ni geni kwa jina tu. Tangu uwanda wa Ufipa ulipoanza kupokea wageni, kila mmoja wao ametaka mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi: kukaa chini ya dari la mtu mwingine, na wakati huohuo kubaki ameungana na kwao.

Wafipa hawakulichukua jambo la mgeni kwa wepesi. Jina la mji lenyewe hufasiriwa na wengi kuwa ni agizo kwa aingiaye: tupa uchawi wako. Yaani karibu, lakini kwa sharti. Na masimulizi ya asili ya utawala wao, ambayo Roy Willis aliyachunguza katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya dola la Ufipa, ni masimulizi ya kiti. Mtawala wa Milansi alikuwa ametoka kwenda kuwinda, naye alikuwa amemwonya mkewe juu ya wageni. Wakaja wanawake kutoka mbali, wakapokewa, na kabla mwenyeji hajarudi walikuwa wamekwisha kukalia kiti cha enzi. Aliporejea alikuta mamlaka yamehama. Hapakumwagika damu, palifanywa mapatano. Milansi akaachiwa eneo dogo na heshima ya ibada, nao wageni, walioitwa Watwaci, wakapata nchi. Taifa lililojengwa juu ya kisa kama hiki lajua vema kwamba ukarimu ni mlango, na kwamba mlango huingiza zaidi ya aliyebisha.

Katika karne ya 19 mgeni aliyefika huko alikuwa amekatika na kwao kabisa. Joseph Thomson alipita mwaka 1880. Mapadri Weupe walishika kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika kaskazini ya Ufipa, mwaka 1885, baada ya Wabelgiji waliokianzisha mwaka 1879. Barua za watu hao zilikwenda pwani kwa miguu ya wapagazi, na aliyeandika hakuwa na hakika kama atakuwa hai jibu litakapofika.

Kisha ukaja waya. Cecil Rhodes, aliyetaka kuunganisha Cape Town na Cairo kwa simu ya maandishi, alikwenda Berlin mwezi Machi 1899 kuomba ruhusa ya Mfalme Wilhelm wa Pili ili laini yake ipite katika koloni la Wajerumani. Ruhusa ikatolewa. Kutoka Abercorn, mji uitwao leo Mbala, waya ulielekea kaskazini upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika mpaka Ujiji, na kwa njia hiyo ukapita nchi ya Ufipa. Cairo haukufika kamwe. Rhodes alifariki mwaka 1902 na nia yake ikafa polepole nyuma yake. Lakini jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba waya ule ulipita juu ya vichwa vya wenyeji bila kusema nao. Ulikuwa njia ya wageni kuzungumza na wageni, nao ulilipiwa kwa hesabu ya maneno. Mfipa aliuona, pengine aliufyekea njia. Kuutumia hakukuwa haki yake.

Hata hivyo wageni wenyewe waliujua uchungu wa kuukosa. Jenerali von Lettow-Vorbeck alikuwa Rhodesia ya Kaskazini, kusini ya Ufipa, Vita Kuu ilipomalizika Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Habari ilimfikia siku chache baadaye, naye akaweka silaha chini Abercorn tarehe 25. Kwa siku zile chache askari na wapagazi wake walikuwa wakiifuata vita ambayo haikuwapo tena.

Miaka iliyofuata yaweza kupitiwa kwa haraka: posta, simu ya kuzungusha, na redio za upepo katika misheni, ambazo mtu alizungumza huku kila mwenye chombo akimsikia. Simu za mkononi zilianza Tanzania mwaka 1994, zikachukua miaka kuenea hadi mikoa ya pembezoni. Intaneti ilikuja kwanza katika vibanda vya kulipia kwa dakika. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM uliteremshwa baharini hadi Dar es Salaam, na mkongo wa taifa ukatandazwa bara, Sumbawanga nayo ikiunganishwa.

Waifai yenyewe ina asili ya kustaajabisha kidogo. Mwaka 1985 Serikali ya Marekani iliruhusu masafa fulani ya redio, yaliyodhaniwa kuwa na thamani ndogo, yatumiwe na yeyote bila leseni. Juu ya ardhi hiyo isiyo na mwenyewe wahandisi walijenga kanuni iliyotangazwa mwaka 1997. Jina Wi-Fi lilitungwa mwaka 1999. Mikahawa ya Marekani ikaona kuwa mteja aliyeunganishwa hukaa na kuagiza kikombe cha pili. Starbucks ilianza kuuza huduma hiyo mwaka 2001, na mwaka 2010 ikaitoa bure nchini humo. Ndivyo desturi ilivyosafiri mpaka kwenye meza za Ufipa, ambako kikombe aghalabu ni cha chai.

Lakini neno bure lataka kupimwa. Mwenyeji hulipa kampuni ya simu, hununua ruta, na umeme ukizimika huwasha jenereta. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulinunuliwa Zambia, hata mgeni aliyesoma barua yake usiku aliisoma kwa nuru ya nchi nyingine. Mgeni naye hulipa. Pengine hulipa kwa kuagiza soda asiyoitaka, pengine kwa kuandika jina na namba ya simu katika ukurasa umzuiao mpaka ajieleze. Serikali nayo ilidai kujua. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye vibanda vya intaneti kuandikisha kila mtumiaji kwa kitambulisho, kuweka kamera, na kuhifadhi kumbukumbu kwa miezi 12. Kamera ukutani ni ukarimu wa namna ngeni. Na hatari iko pande zote: mwizi aweza kurusha mtandao wenye jina la hoteli, na mgeni, kama mke wa Milansi, akampa kiti asiyestahili.

Swali zito zaidi, hata hivyo, si la usalama wa mgeni. Ni la kijana wa Sumbawanga ambaye hana chumba katika nyumba hiyo. Yeye hununua bando, huligawa kwa siku, na mafunzo anayoyahitaji yaweza kulimaliza kabla ya jioni. Ilhali ng'ambo ya ukuta mgeni wa usiku mmoja hutazama mpira bila kuhesabu. Waya wa Rhodes ulimpita babu yake juu ya kichwa. Mawimbi haya humpita yeye mwilini.

Tofauti ipo, nayo si ndogo. Waya ulihitaji ofisi na karani, bali waifai huvuja. Huvuka dirisha, hufika barazani, na mwenyeji mwenye moyo hujifanya haoni vijana walioketi kwenye ngazi baada ya kununua karanga. Mwenyeji mwingine hubadili neno la siri kila Jumatatu. Na wako wengine, si wachache, ambao neno lao la siri ni namba ya simu ya nyumba yenyewe, iliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya lango.