Nani Ambebe Nani? Historia Fupi ya Gari la Kukokota Gari la Mbio

Leo tuziache tarakilishi zipoe kidogo, tuzungumze habari za magari. Wewe uliyezoea kuja hapa kwa ajili ya programu usiondoke, maana mwishowe utakuta swali ni lile lile tunalopambana nalo kila siku: ile namba iliyoandikwa kwenye boksi ina maana gani hasa, na aliyeipima ni nani?

Tuseme una gari la mbio za uwanjani. Viti vya nyuma vimeng'olewa, matairi ni laini na huisha upesi, na gia zikivunjika huko mashindanoni halitajirudisha nyumbani lenyewe. Inabidi libebwe au likokotwe. Je, uchague gari gani la kulikokota? Wengi watakujibu papo hapo: tafuta lenye injini kubwa. Historia ya zaidi ya miaka 120 ina jibu jingine.

Tuanzie Cleveland, Marekani, mwaka 1898. Alexander Winton alikuwa ameanza kuuza magari aliyoyaunda, na mwaka huo aliuza 22. Wateja wengine walikaa mbali, na barabara za wakati ule zilikuwa za kutisha. Gari likiendeshwa mpaka kwa mnunuzi, lingefika likiwa kuukuu. Basi Winton akatengeneza jukwaa lenye magurudumu, akalifunga nyuma ya gari jingine fupi, na gari jipya likapanda juu. Angalia vizuri sababu yake: hakutafuta mwendo wala nguvu. Alitaka mzigo ufike ukiwa mzima. (Ni huyu huyu Winton aliyeshindana na Henry Ford huko Grosse Pointe mwaka 1901, akashindwa.)

Mwaka 1914, mjini Detroit, mfanyabiashara wa mbao Frederic Sibley alitaka kupeleka mashua yake ziwani. Alimwendea mhunzi aitwaye August Fruehauf, aliyemtengenezea kigari cha kufungwa nyuma ya Ford Model T. Mashua ilifika. Sibley akarudi kuagiza vingine vya kubebea mbao, na kufikia 1918 Fruehauf alikuwa na kampuni kamili ya kuunda trela. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona lori refu barabarani, kumbuka kwamba moja kati ya kampuni kubwa za trela duniani ilizaliwa kwa sababu ya mtu aliyetaka kukokota chombo chake cha starehe.

Magari ya mbio nayo yalichelewa kubebwa. Hata miaka ya mwanzo ya 1950, timu ya Jaguar iliendesha magari yake ya aina ya C barabarani kutoka Coventry, Uingereza, hadi Le Mans, Ufaransa, yakashindana. Lakini magari ya mbio yalizidi kuwa membamba, mepesi na yenye kudeka. Hayakufaa tena kwa barabara ya kawaida.

Hapo ndipo Mercedes-Benz walipounda kile ambacho wengi hukiita kibebeo kizuri kuliko vyote. Meneja wao wa mashindano, Alfred Neubauer, alitaka gari liweze kurudishwa kiwandani haraka, litengenezwe, lipelekwe tena. Mafundi wakachukua fremu ya Mercedes 300 S, wakairefusha, wakaitia injini ya lita 3 ya 300 SL, wakapaka rangi ya buluu. Watu wakaliita Ajabu ya Buluu. Likiwa na gari la mbio mgongoni liliweza kukimbia hadi kilomita 170 kwa saa, mwendo ambao magari mengi ya abiria ya 1955 hayakuuota.

Lakini mwaka huo ulikuwa mchungu. Mnamo Juni 11, 1955, huko Le Mans, gari la Mercedes lililoendeshwa na Pierre Levegh liliruka likaingia kwa watazamaji, na zaidi ya watu 80 wakafa. Mwisho wa mwaka kampuni ikajiondoa mashindanoni. Ajabu ya Buluu ikakosa kazi yake ya mashindanoni. Ilikuwa imeundwa kubeba gari moja tu, kwa haraka tu. Mwaka 1967 ikavunjwa kuwa chuma chakavu. Ile inayoonekana leo ni nakala iliyokamilishwa mwaka 2001.

Sasa ilinganishe na lori la Fiat lililojengewa bodi na Bartoletti wa Italia mwaka 1956 kwa ajili ya timu ya Maserati. Injini ilikuwa ya dizeli, nguvu zake hazikufika farasi 100, na mlimani lilikwenda kama mzee anayepanda ngazi. Lakini lilibeba magari matatu pamoja na vipuri. Baada ya Maserati likabeba Scarab za Lance Reventlow, kisha Cobra za Carroll Shelby, kisha likaonekana katika filamu ya Le Mans ya Steve McQueen iliyotoka 1971. Linatunzwa hata leo. Lililokuwa na kasi liliishia chuma chakavu. Lililokuwa na nafasi likarithiwa na timu baada ya timu.

Haya, turudi kwako na trela yako. Fanya hesabu nami. Gari la mbio kilo 1,100. Trela kilo 700. Matairi ya akiba, jeki, mafuta na zana kilo 200. Jumla tani 2. Ili trela isiyumbe, inashauriwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo ikalie ndoano ya gari linalokokota, yaani kilo 200 hadi 300. Kilo hizo zinahesabiwa kama mzigo uliopakiwa ndani ya gari lako! Ongeza wewe, fundi wako na begi za nguo, na gari dogo lenye injini kali limekwisha kujaa kabla hujatoka getini.

Ukipunguza uzito wa mbele kwa kusogeza gari nyuma ya trela, trela huanza kucheza kushoto na kulia, na mwendo ukiongezeka mchezo huo hukua mpaka unalivuta gari lako nje ya barabara. Na breki je? Nguvu ya kuzimwa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, breki zinapewa kazi zaidi ya mara moja na nusu. Injini kubwa haikusaidii hapo. Kinachokusaidia ni gari zito, refu kati ya magurudumu, na trela yenye breki zake yenyewe.

Mbona basi matangazo husifu uvutaji tu? Kwa miaka mingi watengenezaji wa pikapu huko Marekani walijipimia wenyewe, kila mmoja kwa mizani yake. Mwaka 2008 kikatolewa kipimo kimoja kiitwacho SAE J2807. Gari na trela hupanda mlima wa Davis Dam, Arizona, kama kilomita 18 kwenye joto la nyuzi 38, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, bila mwendo kushuka chini ya kiwango kilichowekwa. Hupimwa pia kusimama na kuyumba. Toyota walikuwa wa kwanza kukikubali, kwa Tundra ya 2011, na namba zao zikashuka. Gari lilikuwa lile lile. Mizani ndiyo ilikuwa imepata mwenyewe.

Pikapu za umeme zimetupa somo hilo tena. Rivian R1T, iliyoanza kuuzwa 2021, imekadiriwa kukokota karibu tani 5. Lakini majaribio ya pikapu za namna hii yameonyesha kwamba zikikokota trela kubwa, masafa hupungua karibu nusu. Nguvu ipo tele. Kufika ni jambo jingine.

Hapa Kenya hatuhitaji kwenda Arizona. Tangu 2021 Safari Rally ya ubingwa wa dunia inafanyika Naivasha, na anayekokota gari kutoka Nairobi hupanda Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambako hewa nyepesi huiibia injini isiyo na tabo nguvu zake. Kisha huteremka bondeni, na huko injini haiulizwi kitu. Breki ndizo zinazoulizwa.

Kwa hiyo ukienda kununua, muuzaji akianza na nguvu farasi, mwache amalize. Kisha mwulize: gari hili linaruhusiwa kubeba kilo ngapi ndani? Ndoano inahimili ngapi? Gari na trela kwa pamoja zisizidi ngapi? Akijikuna kichwa, fungua mlango wa dereva usome kibandiko mwenyewe. Winton alijua tangu mwanzo: mzigo ufike mzima.