Nani Alilipia Maji Yaliyobaki? Historia ya Kushuka na Kurejea kwa Usawa wa Ziwa Victoria

Utangulizi

Kati ya mwaka 2003 na mwisho wa mwaka 2006, usawa wa Ziwa Victoria ulishuka kwa zaidi ya mita 1, ukafikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920. Vyombo vilitatizika kutia nanga bandarini, mitambo ya kuvuta maji ya miji ikaachwa mbali na maji, na mafunjo ya ufukweni, ambamo samaki huzaliana, yakakauka. Baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006, maji yalianza kurejea. Simulizi iliyozoeleka ni kwamba ukame ulilipunguza ziwa na mvua ikalirejesha. Makala haya yanaonyesha kuwa simulizi hiyo ni nusu ya ukweli. Sehemu ya maji ilipotea kwa uamuzi wa binadamu na ikalindwa kwa uamuzi wa binadamu, na uamuzi huo wa pili ulikuwa na gharama ambayo nchi moja iliibeba karibu peke yake. Kwa msingi huo, inajengwa hoja kwamba kupanga kurejesha usawa wa ziwa ni kupanga nani atalipia maji yasiyotolewa.

Bwawa na Fidia ya 1953

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, linalogawanywa na Tanzania, Uganda na Kenya. Sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa hurudi angani kwa mvuke. Njia pekee ya kutokea ni Mto Naili pale Jinja. Hadi katikati ya karne ya 20, mwamba wa maporomoko ya Ripon ndio uliopima kiasi cha maji yanayotoka: ziwa likijaa yalitoka mengi, likipungua yalitoka machache.

Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954, na mwamba huo ukafunikwa na maji. Ili ziwa lisipoteze kipimo chake cha asili, Uingereza, iliyoitawala Uganda, ilikubaliana na Misri kwamba maji yatolewe kwa kufuata uhusiano uleule uliokuwapo Ripon. Kanuni hiyo, inayoweza kuitwa Mchoro wa Makubaliano, ilionyesha kwa kila usawa wa ziwa ni kiasi gani cha maji kinachoruhusiwa kupita.

Misri ilitaka pia kulitumia ziwa kama ghala la kuhifadhi maji ya miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya ukame. Kuhifadhi maji kungepunguza umeme wa Jinja. Kwa sababu hiyo, katika hati zilizobadilishana mwaka 1953, Misri ilikubali kuilipa bodi ya umeme ya Uganda pauni 980,000 kama fidia. Makubaliano hayo yalikuwa ya kikoloni. Tanganyika na Kenya hazikuwa na sauti yao ndani yake. Hata hivyo, yalitambua jambo ambalo baadaye lilisahauliwa: maji yanayobakizwa ziwani yana bei, na anayenufaika nayo anaweza kutakiwa kuilipa.

Milango Kufunguliwa na Kufungwa, 2000–2007

Kituo cha pili, Kiira, kilianza kuzalisha umeme Jinja mwaka 2000. Vituo hivyo viwili viliweza kupitisha maji mengi zaidi ya yale ambayo Mchoro uliruhusu katika miaka ya usawa wa chini. Mahitaji ya umeme yalikuwa yakikua, bwawa la Bujagali lilikuwa limechelewa, na mvua zikapungua. Maji yakatolewa kupita kipimo. Chambuzi za kihaidrolojia zilizochapishwa mwaka 2006 na 2007 zilikadiria kuwa takriban nusu ya kushuka kulitokana na utoaji huo, na nusu nyingine na ukame. Nusu mita ya ziwa lenye ukubwa huu ni zaidi ya mita za ujazo bilioni 34, kiasi kinachokaribiana na maji yote yanayopita Jinja katika mwaka wa kawaida.

Mwaka 2006 Uganda ilipunguza maji yanayotolewa. Wavuvi wa Mwanza na Kisumu walinufaika, lakini bei ililipwa Kampala: mgao mkali wa umeme, majenereta ya dizeli ya kukodi, ankara zilizopandishwa, na mzigo katika bajeti ya serikali. Aliyefungua milango kupita kipimo ndiye aliyeifunga, na wapo watakaosema kuwa alistahili gharama hiyo. Ila hoja hiyo haitoshi. Nchi iliyo katika giza itashawishika tena kufungua milango iwapo kuifunga ni hasara yake peke yake.

Mifuko Miwili Chini ya Jina Moja

Katika kipindi hichohicho fedha za “kuokoa ziwa” hazikukosekana. Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Victoria ulianza mwaka 1997 kwa ufadhili wa kimataifa, na awamu yake ya pili ikaanza mwaka 2009. Fedha hizo zilielekezwa kwenye magugu maji, uchafuzi, uvuvi na hifadhi ya ardhi. Hizo ni kazi muhimu, lakini hazigusi milango ya Jinja. Msemo wa “kuokoa ziwa” uliunganisha kazi mbili, kusafisha maji na kuyabakiza, na hivyo ukaficha ukweli kwamba kazi ya pili haikuwa na mfuko.

Vyombo vya kisheria vilikuwapo. Itifaki ya maendeleo endelevu ya bonde la ziwa ilisainiwa na nchi za Afrika Mashariki mwaka 2003, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ikawekwa Kisumu. Lakini kamisheni isiyo na fedha za kufidia umeme hubaki na nasaha tu.

Hitimisho

Bujagali, iliyokamilika mwaka 2012, huzalisha umeme kwa maji yaleyale yaliyokwisha kupita Jinja. Kila megawati ya chini ya mto hupunguza kishawishi cha kulinyonya ziwa. Kwa maana hiyo, uwekezaji huo ni sehemu ya historia ya kurejea kwa ziwa, ingawa haukuhesabiwa hivyo. Mwezi Mei 2020, ziwa lilivuka rekodi ya mwaka 1964 na kufurika makazi ya ufukweni katika nchi zote tatu. Swali likageuka sura tu: nani abebe hasara ya maji yanayobakizwa, na nani ya yale yanayotolewa?

Historia hii inapendekeza mambo matatu: kanuni ya utoaji maji ikubaliwe upya na nchi zote za bonde, Rwanda na Burundi zikiwemo, vipimo vya kila siku vya Jinja viwe wazi kwa wote, na mfuko wa fidia ya umeme uchangiwe katika miaka ya mvua, kabla ukame haujafika. Mwaka 1953 bei ya maji yanayobaki ilipangwa na wasio wenyeji wa ziwa. Wenyeji bado hawajaipanga.