Usitume kilichokwisha kufika: hadithi ya rsync

Hadithi ya leo inaanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilipotoka chuo nilipewa kazi ya kuweka nakala za akiba za mteja mmoja wa Marsabit. Kila usiku programu yangu ilituma faili nzima ya rekodi zake, GB 1, hadi seva ya Nairobi. Laini ikikatika, kazi inaanza upya. Siku diski ya kule ilipokufa, nakala kamili ya mwisho ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Makarani walikaa siku nne wakiingiza risiti upya, moja baada ya nyingine.

Niliilaumu laini. Kumbe dawa ilikuwepo kabla sijazaliwa!

Juni 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, walitoa programu iitwayo rsync. Hizo zilikuwa zama za modemu. Hata kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, iliyokuja baadaye kidogo, GB 1 huchukua karibu saa 40. Wao hawakungoja laini ya kasi. Walijiuliza: kwa nini nitume kitu ambacho mwenzangu anacho tayari?

Ugumu ni huu: utajuaje kilichobadilika, na faili mbili ziko miji miwili tofauti? Tuseme nakala ya jana iko Nairobi. Nairobi inaikata vipande vya baiti 700, inapiga hesabu ya kila kipande, kisha inatuma majibu tu: baiti 20 kwa kipande, chini ya asilimia 3 ya faili. Marsabit inapitia faili mpya ikisogea baiti moja moja. Hesabu nyepesi ikilingana, inahakikisha kwa hesabu nzito. Zikikubaliana zote, inatuma nambari ya kipande peke yake. Baiti halisi hutumwa pale tu penye kitu kipya.

Huko kusogea baiti moja moja ndiko kwenye akili. Ukiongeza herufi moja mwanzoni mwa faili, vipande vyote husogea, lakini rsync bado huvitambua.

Kwetu Kenya, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009 na kutupunguzia utegemezi wa setilaiti. Lakini waya wa Mombasa hauzuii mnara wa mbali kuzimika.

Basi nilibadilisha mtindo. Nakala ya kwanza niliisafirisha kwa basi, ndani ya diski. Tangu hapo rsync hutuma mabadiliko tu, na kwa chaguo la --partial, laini ikikatika kilichofika hakitupwi.

Tahadhari moja: rsync hunakili hata makosa. Faili ikiharibika leo, usiku inaharibu na nakala. Kwa hiyo weka nakala za siku kadhaa, na ujaribu kuzirejesha kabla diski haijafa.

Haya, kwa leo ni hayo. Nakala zako ni za lini?