Magongo ya ndani: kombe lililochelewa kufika Afrika

Februari 2023, Kombe la Dunia la mpira wa magongo wa ndani lilichezwa barani Afrika kwa mara ya kwanza. Awali lilipangiwa Liège, Ubelgiji, lakini corona ikavuruga mipango, na Pretoria ikalipokea katika ukumbi wa Heartfelt Arena. Ilikuwa heshima kubwa kwa bara ambako magongo hayapati nafasi kwenye kurasa za michezo.

Mchezo huu ulianzia Ujerumani miaka ya 1950, wachezaji walipoikimbia baridi ya viwanja vya nje. Shirikisho la kimataifa, FIH, liliutambua mwaka 1968, lakini kombe la dunia likangoja hadi Leipzig 2003. Wanaume wa Ujerumani walilitwaa hapo, kisha Vienna 2007 na Poznań 2011. Fainali zote tatu waliwafunga Poland.

Mzozo kuhusu idadi ya wachezaji ulizuka baadaye. Uwanja wa ndani hauzidi mita 44 kwa 22, na pembeni huwekwa mbao fupi zinazorudisha mpira mchezoni. Hakuna kuupiga kwa nguvu. Mpira husukumwa, tena chini kwa chini, na huruhusiwa kuinuka pale tu mchezaji anapolenga goli akiwa ndani ya nusu duara iliyo mbele ya goli. Mabeki huinama na kulaza magongo sakafuni, wakijenga ukuta ambao mshambuliaji hana budi kuutafutia upenyo. Ukuta huo ulikuwa wa watu 6, kipa akiwemo. FIH ikaamua kujaribu watu 5 ili kufungua nafasi.

Leipzig 2015 ikachezwa hivyo. Safari hii Wajerumani hawakuionja fainali ya wanaume mbele ya mashabiki wao, na Uholanzi ikaifunga Austria 3-2. Malalamiko yalikuwa mengi, na yalikuwa ya haki: anapopungua mlinzi mmoja kati ya watano wa mbele ya kipa, mchezo wa akili unageuka mbio. Baadaye FIH ilirudisha watu 6.

Berlin 2018, Austria ikawanyamazisha wenyeji. Baada ya sare, wachezaji walimkabili kipa mmoja mmoja, na taji likaenda Vienna. Iran ikawa ya tatu. Austria ilitetea taji lake Pretoria; Poreč, Kroatia, mwaka 2025, Ujerumani ikarejea kileleni kwa wanaume, huku Poland ikitawazwa kwa wanawake.

Na Afrika Mashariki je? Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la nje, Barcelona 1971, na Tanzania ilicheza magongo kwenye Olimpiki ya Moscow 1980. Leo kisingizio cha kubaki nyuma ni gharama ya nyasi bandia. Magongo ya ndani hayahitaji nyasi: sakafu ya ukumbi wa mpira wa mikono inatosha. Wanawake wa Namibia, nchi yenye watu wachache kuliko jiji la Nairobi, walikuwa Berlin mwaka 2018.