Droni na viboti vya rimoti kwenye uvuvi wa ndoana: Fahamu haya kabla hujanunua

Kwa mvuvi wa ndoana anayesimama ukingoni mwa Bwawa la Mindu, Morogoro, shida ni ile ile: samaki wako mbali, mkono haufiki. Kuingia majini ili kusogea nako ni hatari. Maji yaliyotuama huweza kuwa na kichocho, na mabwawa mengi nchini yana viboko au mamba.

Ndiyo maana baadhi ya wavuvi duniani wanatumia vifaa vya rimoti kupeleka chambo mbali.

Vinafanyaje kazi?

Kiboti cha rimoti kina kisanduku cha kubebea chambo. Mvuvi anakiongoza akiwa nchi kavu, kikifika anabonyeza kitufe, chambo kinazama, kiboti kinarudi. Shida yake ni magugu maji na mawimbi.

Droni inabeba chambo na chubwi kwa kibanio kinachoachia. Ikifika sehemu inayotakiwa, mamia ya mita ikiwa mshipi unatosha, chambo kinaachiwa na droni inarudi. Samaki anavutwa kwa fimbo kama kawaida.

Angalizo: usifunge mshipi moja kwa moja kwenye droni. Ukinasa kwenye gogo, au samaki akiuvuta mapema, droni inaenda na maji. Droni ndogo za kupigia picha pia hazikuundwa kubeba mzigo, na kukiwa na upepo betri inaisha haraka.

Sheria inasemaje?

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Tanzania huwezi kununua droni leo na kuirusha kesho. Inatakiwa kusajiliwa na kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na Wizara ya Ulinzi nayo inahusika kwenye vibali. Morogoro ina maeneo ya jeshi, kwa hiyo usichukulie poa.

Kiboti hakiruki, lakini Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 bado inamhusu anayekitumia. Uliza kuhusu leseni kwa ofisa uvuvi wa halmashauri.

Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi. Februari 2022 serikali yake ilitangaza kuwa kuvua kwa ndoana kwa msaada wa droni au viboti vya rimoti ni kosa, kwa kuwa sheria yao inataka fimbo na mshipi viendeshwe kwa mkono. Hofu nyingine ni kwamba samaki waliokuwa salama kwa sababu ya umbali sasa wanafikiwa.

Kwa nini Mindu ni tofauti?

Bwawa hilo la Mto Ngerengere, unaotoka milima ya Uluguru, ndilo chanzo kikuu cha maji ya bomba mjini Morogoro. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa bwawa dhidi ya shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu chanzo. Droni ikizama inaacha betri yenye kemikali ndani ya maji ya kunywa, na mshipi wa nailoni ukikatika hauozi, unaendelea kunasa samaki na ndege.

Kwa kifupi: anza na kibali, kisha kifaa. Perege na kambale wa kitoweo bado wanapatikana kwa fimbo ya kawaida, bila kuhatarisha pesa yako wala maji ya mji mzima.