Tamthilia za Kesho: Historia Fupi ya Hikaya za Sayansi katika Televisheni

Tarehe 3 Agosti 1951, jijini New York, shirika la utangazaji la ABC lilianza kurusha tamthilia iliyoitwa Tales of Tomorrow, ambayo kila ilipotokea iliwaletea watazamaji, kwa muda wa nusu saa, hikaya moja kamili, yenye watu wake na hatima yake, juu ya safari za anga, viumbe wa sayari nyingine na mitambo iliyokuwa ingali katika fikra za wataalamu. Miongoni mwa waandishi wake alikuwamo Theodore Sturgeon, na kwa takriban miaka miwili, hadi 1953, yalionyeshwa masimulizi zaidi ya themanini.

Yote hayo yaliigizwa papo hapo, pasi na nafasi ya kurudia kosa. Katika hikaya ya Frankenstein, ya Januari 1952, yasemekana mwigizaji Lon Chaney Mdogo, aliyevaa sura ya jitu la kutisha, alidhani wangali mazoezini. Basi akawa ananyanyua kiti kilichokusudiwa kuvunjwa, kisha akakirudisha chini taratibu, ilhali umma wote unamtazama.

Wakafuata warithi. Ivan Tors alileta Science Fiction Theatre mwaka 1955, ambamo msimulizi, Truman Bradley, alisimama kati ya vyombo vya maabara akaonyesha jaribio la kweli kabla ya kuingia katika hadithi. Na mwaka 1959 Rod Serling akaanzisha The Twilight Zone, iliyofikia masimulizi 156, na ambayo chini ya pazia la maajabu ilinena juu ya khofu, chuki na dhuluma kwa uwazi ambao tamthilia za kawaida hazikuruhusiwa.

Zama hizo huku kwetu Arusha, chini ya Mlima Meru, hapakuwa na televisheni, bali kamera za sinema zilifika: Howard Hawks, aliyetoa mwaka 1951 filamu ya kiumbe kutoka sayari nyingine, alikuja Momella kupiga Hatari!, filamu ya wakamata wanyama iliyoonyeshwa mwaka 1962. Mwaka huohuo Kenya ilipata televisheni. Zanzibar ikafuata katika miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi. Na Tanzania Bara ikangoja hadi 1994.

Hata hivyo mila ile ya hikaya fupi za sayansi haikukatika, na mwaka 2023 ilituletea Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu kumi fupi za katuni zenye jina la lugha yetu, ambamo Raymond Malinga wa Uganda alisimulia habari za wachunga ng'ombe wa zama zijazo, na Ng'endo Mukii wa Kenya akatunga hikaya ya Enkai, jina ambalo Wamaasai humwitia Mungu.

Maadamu historia hii yaonyesha kwamba asili ya sanaa hiyo ni hikaya fupi iliyofikiriwa barabara, wala si wingi wa mali, hapana udhuru wa Arusha kubaki mtazamaji. Tengeru tunacho Chuo cha Nelson Mandela cha Sayansi na Teknolojia. Mjini tunacho Chuo cha Ufundi. Na vijana wenye kalamu wapo. Wakikutanishwa wataalamu na watunzi, hikaya za kesho zitaandikwa hapa, kwa Kiswahili, na watu wanaoujua Mlima Meru.