Aliinuka, akaendelea na mchezo

Kuna sentensi moja niliyoiandika gazetini mwaka jana ambayo natamani ningeweza kuifuta. Nilikuwa nimetumwa kuripoti mechi ya ligi, wala si mechi kubwa, uwanja haukujaa hata robo. Kipindi cha kwanza kiungo mmoja aligongana vichwa na beki wa upande wa pili, wote wakaanguka. Beki akainuka haraka. Kiungo alilala pale kama dakika moja na nusu, akamwagiwa maji, akapigwapigwa mashavuni, akainuliwa. Jukwaani tukapiga makofi. Akacheza mpaka filimbi ya mwisho, na mimi nikaandika kwamba alionyesha moyo wa simba: aliinuka, akaendelea na mchezo. Mhariri wangu aliipenda sentensi ile, akaitumia hata kwenye maelezo ya picha.

Ambalo sikuliandika ni hili. Saa mbili usiku nilimpigia simu nipate maneno mawili matatu ya kumalizia habari yangu. Kabla sijauliza swali la kwanza, yeye akaniuliza: "Kaka, hivi tulishinda?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Nikamwambia mmetoka sare moja moja, na pasi ya bao la kusawazisha umetoa wewe. Akanyamaza kidogo. "Aa, kweli," akasema. Muda wa kukabidhi kazi ulikuwa umefika, nikamuaga, nikatuma stori yangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma, na niliyoyasoma yamenifanya niwaandikie leo.

Tuanze na kichwa chenyewe. Ubongo ni kitu laini mno, unaelea kwenye majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kikisimama au kikizunguka ghafla, ubongo hausimami nacho. Unaendelea na safari yake, unavutika, unajipinda, na nyuzi nyembamba zinazounganisha seli zake zinaumia. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Si lazima mtu azimie, si lazima damu itoke, na mara nyingi hata picha za hospitali hazionyeshi kitu. Ndiyo maana helmeti inaweza kulizuia fuvu lisipasuke lakini haiwezi kuuzuia ubongo usicheze humo ndani. Mtikisiko mmoja ukipumzishwa vizuri, wengi hupona. Kinachotisha zaidi ni vipigo vya miaka na miaka, pamoja na vile vidogo visivyomwangusha mtu. Kwa baadhi ya wachezaji huacha ugonjwa unaojitokeza muda mrefu baada ya kustaafu: kusahau, hasira zisizo na sababu, huzuni, na mwisho akili kupotea kabisa. Madaktari wanauita kwa herufi tatu, CTE.

Nilidhani haya ni mambo mapya, ya enzi hizi za mashine kubwa za hospitali. Kumbe!

Mwaka 1928 daktari mmoja wa New Jersey, Marekani, aitwaye Harrison Martland, aliandika makala katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo kuhusu mabondia "waliolewa ngumi". Walikuwa wakiyumba bila kunywa tone, wakiburuta mguu, wakizungumza kwa ulimi mzito. Na hapa ndipo paliponigusa mimi mwandishi wa michezo: Martland hakuyagundua maneno hayo maabara. Aliyatoa ulingoni. Mashabiki na mapromota walikuwa nayo siku nyingi, tena walikuwa na majina kadhaa ya kejeli ya kumwita bondia wa namna hiyo. Orodha ya mabondia aliyoitumia alipewa na promota. Yaani waliokuwa wakiuza tiketi walijua kabla ya waliosomea udaktari. Kwa makadirio yake, karibu nusu ya mabondia wanaokaa muda mrefu ulingoni hupatwa na hali hiyo, kwa ukali au kwa kiasi.

Mwaka 1937 daktari wa jeshi la majini la Marekani aliupa ugonjwa huo jina la Kilatini. Mwaka 1973, Uingereza, Corsellis na wenzake wakachapisha uchunguzi wa bongo za mabondia 15 waliokwisha kufariki, wakaonyesha uharibifu waziwazi. Lakini ugonjwa ukabaki ni "wa mabondia". Ngumi ni ngumi bwana, mtu akipigwa kichwani kwa kazi atashangaa nini? Michezo mingine ikajiona imepona.

Sisi huku pia tumewashangilia mabondia hao. Wazee wetu wakisimulia pambano la Kinshasa la 1974 husifu akili ya Muhammad Ali: jinsi alivyoegemea kamba akamwacha George Foreman apige mpaka achoke, kisha akamwangusha raundi ya nane. Ni kweli ilikuwa akili. Lakini hizo raundi saba kabla ya hapo alikuwa anapigwa mtu. Februari 1980 Ali alifika Dar es Salaam kama mjumbe wa Rais Carter kushawishi tususie Olimpiki ya Moscow (Mwalimu alikataa hata kuonana naye). Oktoba mwaka huohuo alirudi ulingoni akapokea kipigo kikali kutoka kwa Larry Holmes, na mwaka 1984 madaktari wakatangaza kwamba ana ugonjwa wa kutetemeka. Madaktari wamebishana ni kwa kiasi gani ngumi zilichangia, nami sitajifanya hakimu.

Sasa twende Pittsburgh, maana huko ndiko ukuta ulikobomoka.

Mpira wa Kimarekani haufanani na wetu. Pale katikati ya mstari wa mbele husimama mtu anayeitwa senta. Yeye ndiye huuanzisha mpira kwa kuupitisha nyuma kati ya miguu yake, na sekunde hiyohiyo linamjia jitu la upande wa pili, kichwa kwa kichwa. Hivyo ndivyo kazi yake inavyokwenda, kila mchezo unapoanza upya, kutwa nzima. Mike Webster alikuwa senta wa Pittsburgh Steelers kuanzia 1974. Akatwaa ubingwa wa Super Bowl mara nne. Alicheza misimu 17, miwili ya mwisho akiwa Kansas City. Walimwita Mike wa Chuma.

Alipostaafu, chuma kikaanza kuoza. Alikuwa akipotea njia ya kwenda kwake, akilala ndani ya gari lake. Meno yalipomtoka alijaribu kuyabandika kwa gundi kali. Usingizi ulimkataa kiasi kwamba alijipiga shoti ya umeme kwa kifaa cha kujilinda ili apate kupoteza fahamu kidogo. Alifariki Septemba 2002 akiwa na miaka 50. Hati ilisema moyo.

Mwili wake uliletwa kwenye ofisi ya uchunguzi wa vifo, na zamu siku hiyo ilikuwa ya daktari kijana kutoka Nigeria, Bennet Omalu. Alizaliwa mwaka 1968 katikati ya vita vya Biafra, akasomea udaktari Nigeria, akaenda Marekani 1994. Mpira wa Kimarekani alikuwa hauelewi kabisa. Mji mzima ulikuwa unamwomboleza shujaa, yeye akaona maiti ya mtu wa miaka 50 iliyochakaa kama ya mzee, na habari za mtu huyo kurukwa na akili. Omalu ana desturi ya kuzungumza na marehemu kabla ya kuwapasua, akiwaomba wamsaidie kujua kilichowaua. Alipoutoa ubongo wa Webster, ulionekana mzima, wa kawaida kabisa. Mtu mwingine angeurudisha na kufunga faili.

Yeye akauhifadhi. Akaukata vipande vyembamba, vikatiwa rangi, gharama akalipa mwenyewe mfukoni. Chini ya hadubini akaona mabonge ya protini iitwayo tau yamejaa kwenye seli kama uchafu uliozibisha mitaro. Mambo ya mabondia wa Martland, lakini ndani ya kichwa cha mtu aliyecheza na helmeti maisha yake yote! Mwaka 2005 yeye na wenzake wakayachapisha. (Wapo wanaosema Omalu anajipa sifa nyingi mno, maana jina la CTE lilikuwa limeshatumika kwa mabondia tangu miaka ya 1940. Sawa. Ila bongo za wanamichezo wengi zilizikwa kabla ya hapo bila mtu kuzichungulia.) Jina la ukoo wake kwa ukamilifu ni Onyemalukwube, ambalo kwa Kiigbo maana yake ni kwamba anayejua na aseme. Sikulitunga mimi hilo.

Alisema, na cha moto alikiona. Ligi ya mpira huo, NFL, ilikuwa na kamati yake ya mitikisiko ya ubongo tangu 1994, ikiongozwa na daktari wa magonjwa ya viungo. Ndiyo, viungo, magoti na viwiko! Madaktari wa kamati hiyo waliliandikia jarida wakitaka makala ya Omalu iondolewe. Haikuondolewa, na mwaka 2006 akachapisha ya pili, ya Terry Long, mchezaji mwingine wa Steelers aliyejiua. Linaloniuma zaidi ni kwamba mwaka 1999, Webster akiwa hai, bodi ya mafao ya wachezaji wa ligi hiyohiyo ilikuwa imekwisha kubali kwenye makaratasi yake kwamba ana ulemavu wa kudumu, na ripoti za madaktari zilizomo faili hilo ziliuhusisha na vipigo vya kichwa. Mkono mmoja unasaini, mkono mwingine unakana.

Oktoba 2009 ligi ikaitwa bungeni, mbunge mmoja akaifananisha na makampuni ya sigara. Miezi miwili baadaye msemaji wake akakiri kwamba mitikisiko inaweza kuleta madhara ya kudumu. Kuhusu CTE yenyewe, ofisa wa ligi alikiri mbele ya wabunge Machi 2016. Kesi za wastaafu zimeigharimu ligi zaidi ya dola bilioni 1. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walisema kati ya bongo 111 za wachezaji wa NFL walizozichunguza, 110 zilikuwa na CTE. Hapo tuwe makini lakini, hasa sisi wa magazeti: bongo hizo zilitolewa na familia zilizokwisha ona dalili, kwa hiyo si sahihi kuandika kwamba karibu kila mchezaji anao. Na mpaka leo ugonjwa huu huthibitishwa mtu akishakufa.

Utaniambia, hayo ni ya Wamarekani na majitu yao. Haya, mwaka huohuo wa 2002, Januari, Uingereza alifariki Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion aliyeipa timu yake Kombe la FA mwaka 1968 kwa bao pekee dhidi ya Everton. Sifa yake ilikuwa vichwa. Alikufa na miaka 59, akili imekwisha. Afisa wa uchunguzi wa vifo aliandika kwamba amekufa kwa ugonjwa wa kazini, kama vile angeandika kwa mchimba makaa ya mawe. Ulikuwa uamuzi mzito, lakini miaka ikapita kimya hadi familia yake ilipopiga kelele na ubongo wake ukachunguzwa upya, 2014. CTE. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow walilinganisha waliokuwa wachezaji wa kulipwa wa Scotland wapatao 7,600 na wananchi wengine zaidi ya 23,000. Wachezaji walikufa kidogo kwa maradhi ya moyo, mpira una faida zake, lakini kwa magonjwa ya kuoza kwa ubongo walikufa mara tatu na nusu zaidi. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha mabeki ndio walio hatarini zaidi, na makipa kidogo sana. Nani hupiga vichwa vingi, nani hapigi?

Na kwetu? Robert Wangila wa Kenya alitwaa dhahabu ya ngumi Olimpiki ya Seoul 1988, dhahabu pekee ya ngumi ambayo Kenya imewahi kupata. Julai 1994, Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake la kulipwa. Wangila alilalamika, alitaka kuendelea. Akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akazimia, akafariki siku chache baadaye akiwa na miaka 26. Kifo chake ni cha kuvuja damu kichwani, si ugonjwa wa polepole kama wa Webster, lakini kila ninaposoma habari zake nasimama pale pale: mtu yuko kwa miguu yake, anabisha, anataka kuendelea, na sote tunaona hiyo ni dalili ya uzima.

Wiki iliyopita nilimfuata yule kiungo mazoezini. Tulikaa kwenye benchi nikamsimulia habari za Webster kwa kifupi. Alinisikiliza vizuri. Akaniambia kichwa kilimuuma karibu mwezi mzima baada ya mechi ile, hata mwanga wa simu ulikuwa unamchoma macho, na bao lile la kusawazisha halikumbuki mpaka leo, amelionea kwenye video. Hakumwambia mtu. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha na kuna dogo wa timu ya vijana anaimezea mate namba yake. "Sasa kaka," akasema, "hayo usiyaandike na jina langu."

Nikamwambia sitaandika. Nikamuuliza kama daktari wa timu alimpima siku ile. Akacheka, akaniuliza daktari gani. Kisha kocha akamwita, walikuwa wanaanza zoezi la kona, akainuka akaenda kupanga foleni na wenzake wanaopiga vichwa.